Yatima Wenye Mama Zao

Mkuyuni, Mwanza
8 Juni 1997

Mdogo wangu Jonathan,

Salamu zetu zikufikie wewe, wifi yangu Rose na mtoto. Huku tu wazima, ukiacha mguu wangu wa kushoto, ambao baada ya kusimama miaka kumi na sita kwenye kiwanda cha pamba umeona mimi nimepunguzwa kazi, nao umejipunguza. Baba mdogo kule Ukerewe ameuza ng'ombe mmoja akaezeka bati upande mmoja wa nyumba. Upande wa pili bado ni nyasi. Ukipita njiani unadhani ni nyumba mbili zilizogombana. Binti yako Winnie amekuwa wa tatu darasani. Amerefuka, sketi ya shule imempanda juu ya magoti. Anakusalimu.

Sasa la leo. Mzigo wa shirika lenu umefika salama: kamba, filimbi, taulo na unga wa uji. Watoto ishirini na watatu wameshaandikishwa. Shimba, yule tuliyekuwa naye kiwandani, ndiye mshika kamba, anasimama kwenye maji ya kiunoni kuanzia saa tisa alasiri mpaka wa mwisho atoke. Ahsante sana. Nilipokuandikia mwaka jana kwamba nataka kuwafundisha watoto wa huku kuogelea, sikudhani utanisikiliza.

Na zile nguo za kuogelea nazo zimefika. Ee Jonathan! Mwaija, mama yake Nusrat, yule anayeuza maandazi karibu na soko, aliinua moja kwa vidole viwili akauliza, "Nusu yake nyingine imesahaulika Ulaya?" Tulicheka mpaka Shimba akaondoka kwa aibu.

Sitawavalisha. Na si kwa sababu ya aibu tu. Mtoto wa Mkuyuni haangukii ziwani akiwa amevaa nguo ya kuogelea. Anaanguka na gauni lake, amekwenda kuteka maji kwa sababu bomba limekauka wiki ya tatu, na dumu liko mkononi. Basi mimi nawafundisha na magauni yao na madumu yao. Somo la kwanza: dumu tupu halifunguliwi kifuniko mpaka umesimama pagumu. La pili: ukiteleza, usiliachie. Likumbatie kifuani, lala juu yake, piga miguu. Dumu likizoeleka ndipo tunaliacha.

Ni kibuyu cha bibi kilekile, sema sasa ni cha plastiki. Unakumbuka? Tukienda kuosha muhogo, anatufunga kibuyu kifuani mmoja mmoja anatusukuma majini. Wewe unakaa juu ya jiwe kulinda nguo. Hukukubali kushuka hata siku moja, mpaka bibi akakuita Mlinzi.

Tangu meli ile izame mwaka jana, kuna wazazi huku wanawachapa watoto wakirudi na nywele mbichi. Wanadhani dawa ya ziwa ni kuliogopa. Haya, tuliogope, maji tutateka wapi?

Dada yako,
Odeta


Tabata, Dar es Salaam
2 Julai 1997

Dada yangu Odeta,

Shikamoo. Barua yako imenifikia baada ya wiki mbili, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Sisi hatujambo. Rose alikuwa na malaria, sasa anakula vizuri. Antoni ameota jino la nne na ameanza kuuma watu. Ofisi imehamia jengo jipya, kila meza ina kompyuta, ingawa umeme ukikatika sote tunarudi kwenye kalamu.

Mkurugenzi amefurahi sana kuhusu watoto. Ameuliza mambo mawili: kichocho na mamba. Tafadhali nijibu kwa maandishi ninayoweza kumwonyesha. Pia dada, naomba hizo nguo za kuogelea wavae hata siku moja tu wapigwe picha. Waliozinunua wanataka kuziona. Hawa watu wana moyo mzuri, ila moyo wao unataka picha.

Habari njema ni kwamba kila mtoto sasa ana mfadhili wake kule Ulaya. Nitakutumia kadi za watoto, kila moja ina picha na maelezo, pamoja na barua ya kwanza ya mfadhili. Barua nimezitafsiri mwenyewe, kwa mkono wangu. Watoto wakijibu, wajibu kwa Kiswahili. Kila barua inapita mezani kwangu, naitafsiri, ndipo inakwenda.

Nisalimie Baba mdogo, Mwalimu Ndalahwa, Shimba, na majirani wote bila kumsahau hata mmoja.

Mdogo wako mtiifu,
Jonathan


Mkuyuni, Mwanza
19 Agosti 1997

Jonathan,

Marahaba. Rose apone vizuri, na huyo Antoni mpeni muhindi wa kuchoma atafune, aache watu.

Majibu ya Mkurugenzi. Kichocho kipo, na dawa tunameza zahanati. Mamba sijamwona upande huu tangu nihamie. Lakini mwambie watoto hawa wanaingia ziwani kila siku asubuhi na jioni, awe amefadhili au hajafadhili. Mimi sikuwapeleka kwenye maji. Niliwakuta humo.

Kadi zimefika.

Siku ile niliwaita wazazi wote, maana nilidhani ni sherehe. Mwaija alifunga genge mapema, akavaa kanga mpya. Mwalimu Ndalahwa akawa anasoma barua za wafadhili, moja baada ya nyingine. Akaanza na ya Nusrat. "Mpendwa Nusrat, nimesikitika sana kusikia kwamba mama yako na baba yako wamefariki. Pole sana, mtoto mdogo. Kuanzia leo hauko peke yako."

Mwaija alikuwa amekaa mbele kabisa, mwanawe amemlalia mapajani.

"Soma tena," akasema.

Mwalimu akasoma tena, kwa sauti ndogo. Mwaija akasimama. "Mimi ndiye mama yake Nusrat. Nimekufa lini? Hitima yangu ilisomwa msikiti gani? Nani alikula pilau ya matanga yangu, na kwa nini mimi sikualikwa?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Mwalimu akafungua kadi ya Nusrat, iliyoandikwa Kiingereza, akatusomea: baba, marehemu, mama, marehemu. Akafungua ya pili. Ya tatu. Jonathan, kufika ya nane hapakuwa na mtu anayecheka. Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wetu Mayala, alitoka nje akaenda kutema mate.

Watoto watatu kati ya ishirini na watatu ndio waliofiwa kweli na wazazi wote. Wazazi wa wengine umewaua wewe, mezani, kwa kalamu. Kwa mwandiko ninaoujua tangu unajifunza kuandika a.

Unajua bibi alivyokuwa akisema. Mtu akitangaziwa kifo cha uongo, aliyemtangaza sharti aje mwenyewe, amshike mkono mbele za watu, amwite kwa jina lake, na ale chakula alichopika. Mpaka hapo huyo mtu hajarudi vizuri duniani. Mwaija ni Mwislamu, hakulelewa na bibi yetu, lakini nilipomweleza alisema, "Hiyo ni haki. Mwambie aje. Ugali nitapika mgumu."

Kadi ya kumi na nne nilimnyang'anya Mwalimu kabla hajaifungua. Niliisoma nyumbani peke yangu, maana lile neno la Kiingereza nilikuwa nimeshalijua. Winnie Jonathan, miaka kumi. Mama: marehemu. Hilo kweli, Mungu amrehemu. Baba: marehemu.

Sasa nani aliniandikia tarehe mbili Julai?

Odeta


Tabata, Dar es Salaam
10 Septemba 1997

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wako una nafuu. Rose amepona, Antoni anasimama kwa kushika kiti.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Naomba unisikilize kabla ya kunihukumu. Fungu lile la fedha ni la yatima peke yao. Hakuna fungu la watoto wanaoteka maji. Nilitafuta kwenye makabati yote, halipo. Lipo la yatima, lipo la walemavu, lipo la miti. Ningefanyaje? Niwaandikie kwamba watoto hawa wana mama, ila mama zao wanauza maandazi? Wangesema waacheni na mama zao. Kila mtoto pale ni maskini, dada. Maskini ni maskini, awe na mama asiwe naye. Nilidhani nimetumia akili. Leo mwanangu Nusrat anaweza kuelea juu ya maji, kesho asife. Sasa mtu mzima kuandikwa jina kwenye karatasi ya Ulaya kunamuumiza nini?

Kuna jambo kubwa zaidi. Wageni watatu wanakuja kuwaona watoto tarehe 12 Novemba, wataambatana na Mkurugenzi. Naomba, kwa heshima zote, siku hiyo moja tu wazazi wasifike ufukweni. Wakae nyumbani kwao. Wageni wakae saa mbili, wapige picha, waondoke. Wakigundua, kamba inakwenda, uji unakwenda, na mimi kazi inakwenda. Unajua siku hizi kazi ikienda hairudi. Wewe mwenyewe ni shahidi.

Kuhusu ile kadi nyingine uliyoitaja, tutazungumza nikipata likizo.

Wasalimie wote.

Jonathan


Mkuyuni, Mwanza
5 Oktoba 1997

Jonathan,

Marahaba. Mguu haujambo. Baba mdogo amemalizia bati. Magugu maji yameziba ghuba yote tangu wiki iliyopita, kwa hiyo kila siku Shimba anatangulia na panga kufyeka uwanja wetu. Tukikuta yamerudi, tunafyeka tena.

Umeandika "mwanangu Nusrat". Nilifurahi kuona kwamba neno "mwanangu" bado unalijua.

Ombi lako niliwafikishia wazazi kama lilivyo, sikuongeza wala kupunguza. Mwaija alisikiliza mpaka mwisho, akafuta unga mikononi. "Yaani nilikufa mwezi wa nane, mwezi wa kumi na moja nikae kaburini wageni wapite? Mwambie nitakuja. Nitasimama nyuma ya mwanangu, nimevaa kanga nyekundu, nionekane mpaka ng'ambo." Baba yake Mayala akasema naye atasimama. Wakakubaliana wote. Siku hiyo kila mzazi atasimama nyuma ya mtoto wake, na wale watatu waliofiwa kweli watasimamiwa na mimi, Shimba na Mwalimu. Uji ukienda na uende. Hakuna mama atakayejificha ili mwanawe anywe uji. Huo uji utamkaa wapi?

Na usiniambie kazi yako. Mimi yangu ilikwenda asubuhi moja, karatasi ilibandikwa mlangoni, majina mia mbili. Sikumuua mtu ili nibaki.

Sasa nikwambie lililotokea nyumbani. Winnie alikuwepo akisikiliza hayo mambo ya kusimama. Usiku wakati wa kula akaniuliza, "Nyuma yangu atasimama nani?" Nikamwambia mimi. Akasema, "Wewe ni shangazi. Utasimama kwa mtoto mwingine. Pale ni pa baba." Halafu akaniuliza kwa nini yeye peke yake hakupewa kadi.

Ningemdanganya, Jonathan? Ungekuwa wewe ungemdanganya, najua, una uzoefu. Niliitoa chini ya godoro nikampa. Akaenda nayo kwa Mwalimu asubuhi, akasomewa. Aliporudi hakulia. Aliosha vyombo, akavipanga, akavirudisha kwenye karai akaviosha tena.

Ulimleta kwangu ana miaka minne, kifuko cha nguo na ndala mpya. Ulisema miezi sita. Niliposikia umeoa nilisema sasa atamchukua. Nimeandika jina lake katika kila barua, miaka sita, na wewe unasalimia mpaka majirani usiowajua. Nilikaa kimya nikidhani unaona haya kwa Rose. Sikujua umeshajizika.

Humu mna barua za watoto kwa wafadhili wao, ishirini na tatu. Ya Winnie imo. Sikumwambia cha kuandika wala sikumzuia. Umesema kila barua inapita mezani kwako. Haya, zipite.

Odeta


Mkuyuni, Mwanza
14 Desemba 1997

Jonathan,

Hujajibu. Nakuandikia vilevile, maana barua zangu haziombi ruhusa.

Tarehe 12 Novemba tulikuwa ufukweni kuanzia saa mbili asubuhi. Wazazi thelathini na mmoja, wamepiga pasi. Mwaija na kanga yake nyekundu. Hakuja mgeni, hakuja Mkurugenzi, wala taarifa haikuja. Ilipofika saa sita Shimba akasema, "Tumefyeka magugu bure?" Akapuliza filimbi, watoto wakaingia majini na nguo zao nzuri za wageni. Unajua wengi wa wazazi wale walikuwa hawajawahi kuwaona watoto wao wakiogelea? Walikuwa wanatuachia tu. Mama mmoja alipiga yowe akidhani mwanawe anazama, kumbe anapiga mbizi. Winnie aliogelea kutoka jiwe dogo mpaka jiwe kubwa bila dumu, akakaa juu ya jiwe peke yake akijikamua gauni. Hakuna aliyekuwa amesimama nyuma yake. Hakunitazama.

Halafu mvua zikaja. Mvua gani hizi! Watu wa redio wamezipa jina la kizungu, sisi tunaziita tu mvua. Jumanne wiki jana Nusrat alikwenda kuteka maji, ule mfereji unaomwaga ziwani ukiwa umejaa matope. Ukingo ukakatika yeye akiwa juu yake. Mimi sikuwepo, Shimba hakuwepo, kamba haikuwepo. Alikuwa na gauni, sweta la shule na dumu. Walioona wanasema alizama, akaibuka, dumu liko kifuani, kifuniko kimefungwa. Akapiga miguu. Maji yalimpeleka mbali, yakamzungusha kwenye magugu, akazidi kupiga miguu mpaka akashika majabali ya kule chini. Alipofika nyumbani alikuwa ametapika maji mara mbili na amepoteza kiatu kimoja.

Marehemu mama yake ndiye aliyempokea. Alimkumbatia, akamchapa kwa ajili ya kiatu, akamkumbatia tena. Jioni alikuja kwangu na maandazi ndoo nzima, akakaa mlangoni mpaka giza likaingia.

Nakiri hapa, kwa sababu mimi sifichi: bila kamba yenu na unga wenu nisingewakusanya watoto wale, na Nusrat angekuwa amekufa. Hilo ni lako, nakupa. Lakini halifuti lile jingine.

Zile barua zimefika wapi?

Odeta


Tabata, Dar es Salaam
20 Januari 1998

Dada,

Shikamoo. Sitaanza na habari za huku, zitakuja zenyewe.

Wageni niliwazuia mimi. Niliandika kwamba mvua zimekata barabara na hoteli zimejaa maji. Siku naandika jua lilikuwa linawaka. Baadaye mvua zikaja kweli, na reli ikakatika kweli, sijui Mungu alikuwa ananisitiri au ananikomoa.

Barua za watoto zilinifikia mwishoni mwa Oktoba. Nilitafsiri ishirini na mbili kwa siku mbili. Ya ishirini na tatu nilisoma nikaifungia kwenye droo. Ilikaa humo wiki tisa. Nakunakilia hapa kama alivyoandika:

"Mpendwa mfadhili, ahsante kwa taulo. Ninaitwa Winnie Jonathan. Ninaweza kuogelea kutoka jiwe dogo mpaka jiwe kubwa. Kwenye kadi yangu imeandikwa baba yangu amekufa. Hajafa. Ndiye anayetafsiri barua hii. Ukitaka kumsalimia, yuko karibu na wewe kuliko mimi. Mama yangu ndiye aliyekufa, hilo ni kweli. Kama taulo ni la watoto wasio na baba, nitalirudisha. Limelowa lakini si chafu. Wako Winnie."

Dada, mimi nimetafsiri barua za watoto mamia. Huwa nazilainisha. Mtoto akiandika ana njaa naandika anapenda chakula. Kwa hii nilishika kalamu, nikafika kwenye "ndiye anayetafsiri", mkono ukakataa. Nilifikiri kuiruka. Nani angejua? Sentensi moja tu.

Hujaniuliza kwa nini niliandika hivyo kwenye kadi yake, umeniuliza nani aliandika. Nikujibu vyote. Nilikuwa najaza kadi kwa mpangilio, mchana mmoja, marehemu, marehemu, marehemu. Nilipofika ya kumi na nne mkono ulikuwa umeshazoea. Ningeweza kuacha. Nilisimama, nikatazama picha yake, nikaona amefanana na mama yake, nikaandika. Nilihisi nafuu. Hilo ndilo linalonitisha, dada, ile nafuu. Nilimwambia Rose tangu zamani kwamba Winnie ni mtoto wako.

Barua yako ya Nusrat ilifika siku ya Krismasi. Niliisoma jikoni. Rose akaniuliza kuna nini. Nikamwambia yote, tangu mwanzo. Aliuliza swali moja, "Ana miaka mingapi?" Nikasema kumi. Akasema, "Na wewe ulikuwa unalala usingizi?" Siku ya nne alinipeleka dukani.

Januari tarehe tano niliitafsiri barua ya Winnie, neno kwa neno, sikulainisha hata nukta. Nikaenda nayo kwa Mkurugenzi pamoja na orodha ya kweli ya wazazi walio hai. Nimesimamishwa kazi, na sidhani nitarudishwa. Fungu la watoto ishirini litakoma mwisho wa Machi. Wale watatu watabaki. Samahani kwa uji.

Nimetuma sketi ya shule kwa mtu anayekuja kwa ndege. Nimekadiria tu. Nilisimama dukani, muuzaji akaniuliza urefu wa mtoto, nikanyoosha mkono hewani, sikujua niusimamishe wapi.

Nataka kuja. Sijui kama nina ruhusa. Tafadhali niambie.

Jonathan


Mkuyuni, Mwanza
22 Februari 1998

Mdogo wangu Jonathan,

Marahaba. Msalimie sana Rose, na mwambie kuanzia leo yeye ni wifi yangu hasa. Zamani nilikuwa namwita hivyo kwa adabu.

Uji usikuumize. Nilikutana na wazazi, nikawaambia fungu linakoma. Mwaija akasema, "Kumbe! Nimefufuka, sasa natozwa." Lakini keshokutwa yake alileta unga. Baba yake Mayala analeta kuni. Uji wa watatu tutakunywa ishirini na watatu, utakuwa mwepesi, na atakayelalamika atakunywa ziwa. Kamba ni yetu, hawawezi kuivuta kutoka Ulaya. Filimbi iko shingoni kwa Shimba. Madumu hayakuwahi kuwa na mfadhili. Wiki hii wameongezeka watoto sita, na tumewaandika kwenye daftari na majina ya baba zao na mama zao, walio hai na waliokufa, kila mmoja mahali pake. Zile nguo za kuogelea Mwaija amezikata, ameshonea vishikio vya sufuria. Ukitaka picha, tutakupiga.

Sketi imefika. Ni fupi. Ulikadiria mtoto wa miaka minane. Winnie aliivaa mbele ya kioo, akaivua, akaikunja vizuri kwenye mfuko wake. Nikamwambia nitampa fundi ashushe upindo. Akasema, "Usiishushe. Aje anipime."

Kwa hiyo ruhusa usiniombe mimi. Umeshapewa.

Reli ikitengenezwa panda, isipotengenezwa zunguka kwa basi, shuka Usagara, usikae kungoja mambo yanyooke. Wazazi thelathini na mmoja wanakusubiri uwashike mikono na kula vyakula vyao. Anza na cha Mwaija, ameapa ugali wake utaukata kwa shoka. Wewe mwenyewe uliyejitangazia kifo, nimewaza sana nani atakushika mkono urudi duniani. Si mimi. Mimi najua ni nani, na wewe unajua.

Ukifika usipite nyumbani kuoga. Sisi saa tisa tuko majini. Dumu lako lipo, la lita ishirini, Winnie amelichagua mwenyewe, amejaribu kifuniko mara tatu. Yeye ndiye mwalimu wako, na ukibisha atapuliza filimbi. Shati na suruali utaingia navyo, ndiyo sheria yetu. Viatu na saa utaniachia mimi. Nitakaa juu ya jiwe nivilinde.

Dada yako,
Odeta